Wakuu msaada: Jenkins inavuta kodi fresh, ikifika kwenye kupushi inagoma

Kijana wa Mafiat:
Wakuu habari zenu. Niko Mbeya hapa, baridi imeshika mpaka vidole vinagoma kutaipu, na toka saa nane usiku sijalala kwa sababu ya kitu ambacho najua kwa mwenye uzoefu ni cha dakika tano. Nichekeni kwanza halafu mnisaidie.

Iko hivi. Tuna kaofisi kadogo tuko watu wanne, tunatengeneza programu ya simu inayotumiwa na makarani wa mizani kwenye vituo vya kukusanyia parachichi, Rungwe na upande wa Njombe. Karani anapima, anaingiza kilo, mkulima anapata meseji, basi. Kodi (yaani maandishi ya programu) iko GitHub, ghala la kodi la mtandaoni, kwenye ripo (folda la mradi) ya kwetu wenyewe siyo ya wazi, halafu pale ofisini kuna kompyuta moja ndo tunaiita seva, ina Jenkins, programu ya kujenga app bila mtu kuigusa. Kila siku saa nane usiku Jenkins inaamka (tunakula bando la usiku, mchana hatuwezi), inavuta kodi, inajenga APK (faili la kuweka programu kwenye simu), inaongeza namba ya toleo kwenye faili moja, inakomiti hiyo namba (inairekodi kwenye historia ya kodi), inapiga tagi (alama ya toleo), halafu inapushi, yaani inapandisha, kurudi GitHub.

Hii mitambo aliifunga jamaa aliyekuwepo kabla yangu. Mwezi uliopita kapata kazi Dar, kaondoka kwa amani kabisa, tukamfanyia na kitimoto. Juzi bosi kamtoa kwenye ripo, usiku ule ule bildi (huo ujenzi wa usiku) ikafeli. Kufungua skripti nakuta jamaa aliandika tokeni yake mwenyewe (ufunguo wa siri unaotumika badala ya paswedi) ndani ya anwani, pale pale kwenye mstari wa git push, kavu kavu. Nikaitoa. Nikaingia Jenkins sehemu ya Credentials nikaweka jina langu na tokeni yangu mpya, nikaiunganisha na ripo. Sasa kuvuta inavuta vizuri tu, ikifika kupushi inaniambia hivi:

`fatal: could not read Username for 'https://github.com': No such device or address`

Nisichoelewa ni kimoja, kama Jenkins inaijua tokeni yangu wakati wa kuvuta, wakati wa kupushi inasahau nini? Mwisho nikachoka nikafanya kama jamaa, nikabandika tokeni yangu kwenye anwani, ikagoma na yenyewe na hiyo ni hadithi nyingine. Picha ya logi nimeambatanisha hapo chini.

Mpunga Super:
Yaani mvua zote hizo, udongo wote huo, nyie mmekaa ndani mnapambana na Jenkins. Njoo Kyela ulime mpunga dogo.

Bajaji ya Kabwe:
Mleta uzi hebu angalia picha yako mstari wa nne, ule unaoanza na alama ya kujumlisha. Tokeni yako nzima inasomeka, kuanzia ghp_ mpaka herufi ya mwisho. Ofisi yenu yote umeianika hapa.

Kijana wa Mafiat:
Mungu wangu. Nimeifuta. Asante sana mkuu.

Bajaji ya Kabwe:
Umefuta picha, tokeni bado iko hai. Nenda GitHub, Settings, Developer settings, Personal access tokens, iue. Sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Umerudi? Haya. Kitu kikishatoka nje hata dakika mbili hesabu kimeibiwa, maana watu wana roboti zinazozunguka kutwa zikitafuta maandishi yanayoanza na ghp_. Hicho kitangulizi GitHub walikiweka mwaka 2021 ili tokeni zilizovuja zitambulike kirahisi, na wao wenyewe huwa wanazikagua kwenye ripo za wazi, ila kinachowarahisishia wao kinamrahisishia na mwizi. Mimi nimeisoma bila kutafuta, nilikuwa nakunywa chai tu.

Kijana wa Mafiat:
Nimeiua. Sasa hata kuvuta hakuna tena hahaha, tumerudi sifuri.

Dada wa Gangilonga:
Kamwene wa Mbeya. Mimi niko Iringa, hii kitu ilinitesa wiki nzima mwaka juzi kwa hiyo nikueleze taratibu kaka yangu.

Jenkins haijasahau kitu. Ile hatua ya `checkout scm`, ya kuvuta kodi, inafanywa na plagini (kiongezi cha Jenkins) ya Git, na plagini ndo inayoenda kwenye kabati la siri, inachukua tokeni, inampa git kwa sekunde zile za kuvuta, halafu inairudisha kabatini na kufunga. Mstari wako wa `sh 'git push'` ni kitu kingine kabisa, hapo umefungua dirisha tupu ukamwambia git ajitegemee. Git akitaka kuongea na GitHub anaulizwa wewe nani, anageuka kumuuliza mtu kwenye kibodi, na saa nane usiku kwenye kibodi hakuna mtu. Hiyo "No such device or address" maana yake ni hiyo, ametafuta skrini ya kuulizia jina hajaiona.

Kwa hiyo na kwenye kupushi inabidi umfungulie kabati wewe mwenyewe, kwa muda ule tu anaouhitaji:

```
withCredentials([gitUsernamePassword(credentialsId: 'ripo-mizani', gitToolName: 'Default')]) {
    sh 'git push origin HEAD:main --tags'
}
```

Ukishatoka nje ya yale mabano siri inakuwa haipo tena. Plagini yako kama ni ya kale haina hiyo gitUsernamePassword, isasishe kwanza.

Mambo mawili yatakayokuuma. La kwanza, nimeandika HEAD:main siyo main peke yake (main ndo tawi kuu la kodi), kwa sababu Jenkins ikishavuta haikai juu ya tawi, inakaa juu ya komiti yenyewe inaning'inia, ukiandika `git push origin main` itakujibu `src refspec main does not match any` na utakaa masaa unajiuliza main imekwenda wapi. La pili ni alama za kunukuu. Ukiwa unatumia siri kama kigeu (jina linalobeba thamani) ndani ya sh, tumia nukuu moja moja, usitumie zile mbili mbili. Za mbili, Groovy, lugha ya skripti za Jenkins, anaichukua tokeni anaibandika kwenye amri kabla haijaenda kokote, kwa hiyo mtu yeyote mwenye akaunti kwenye hiyo mashine akiangalia orodha ya michakato inayokimbia anaiona. Za moja, amri inaenda na jina la kigeu tu, thamani yake inachukuliwa kule kule ndani.

Kijana wa Mafiat:
Dada ndaga fijo. Yaani umeeleza vizuri kuliko video tano nilizoangalia jana nikamaliza bando.

Fundi Simu Makambako:
Mnazunguka sana. Ingia kwenye seva kama mtumiaji wa jenkins, andika `git config --global credential.helper store`, pushi mara moja kwa mkono uingize tokeni, imeisha, haitakuuliza tena milele. Mimi nimefanya hivyo toka 2021, toka GitHub walivyokataa paswedi za kawaida kwenye git ile tarehe 13 Agosti, na sijawahi kusumbuka.

Bajaji ya Kabwe:
Na hiyo tokeni iko wapi sasa hivi fundi? Iko kwenye faili la `.git-credentials` nyumbani kwa mtumiaji jenkins, maandishi ya kawaida yanayosomeka na macho. Kila bildi kwenye mashine hiyo inakimbia kwa mtumiaji huyo huyo, kwa hiyo kila skripti ya kila mradi inaweza kulisoma. Leo una mradi wa parachichi peke yake, kesho bosi analeta wa saccos, unampa dogo wa field kutoka chuo aandike skripti yake ya kwanza, tayari ana ufunguo wa parachichi bila hata kujua kama anao.

Fundi Simu Makambako:
Ofisi ya watu wanne, kompyuta iko ndani ya grili, mlango una kufuli mbili. Nani aje asome faili? Nyie watu wa mjini mnaogopa majini ambayo hayapo. Wizi wa kwetu ni wa betri za sola.

Bajaji ya Kabwe:
Sibishi hiyo, na kwa mashine yenye mradi mmoja unaoendeshwa na mtu mmoja sitakupigia kelele. Ila basi tumia hata `cache`, ile inakaa kwenye memori dakika 15 inafutika. Store haifutiki, ikiingia backup imeingia, ikienda kwenye flashi imeenda.

Na hapo kwenye flashi nina kisa. Kuna sehemu nilifanya kazi, siitaji. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, seva ikafa palepale ikatoa na harufu. Tukafurahi kwamba tuna backup, jamaa alikuwa anakopi folda la Jenkins kila Ijumaa. Kufungua tukakuta kakopi `credentials.xml` na mafaili ya bildi, ila folda la `secrets` kaliruka, eti jina lake lilimtisha. Sasa Jenkins haihifadhi siri wazi, inazifunga, na ufunguo wa kuzifungulia umo ndani ya `secrets`, `master.key` na mwenzake `hudson.util.Secret`. Bila hizo ile credentials.xml ni michoro tu. Tukatengeneza tokeni zote upya, mradi kwa mradi, siku mbili. Bosi akafoka, jamaa akajirekebisha, akaanza kukopi kila kitu kwenye flashi moja, ile flashi akaisahau kwenye basi la Dar. Sasa hapo aliyeiokota ana kufuli pamoja na ufunguo wake kwenye mfuko mmoja. Tukatengeneza tokeni zote upya tena.

Mpunga Super:
Hahahaha hiyo ya basi. Bora ulime.

Mzee wa Mpakani:
Vijana wangu nawasoma toka jana hapa Tunduma, mmeongea mazuri ila kuna kitu mmekiruka, na ndicho kilichomfelisha huyu kijana usiku ule.

Shida haikuwa tokeni kuandikwa kwenye skripti. Ule ni uchafu na umeusafisha, sawa. Shida ilikuwa ni tokeni ya MTU. Yule mwenzenu kaenda Dar, katolewa kwenye ripo kama inavyotakiwa, na mashine ikafa naye, kwa sababu mashine ilikuwa inatembea kwa jina lake. Sasa wewe umefanya nini? Umetoa jina lake ukaweka lako. Siku ukipata kazi Dodoma, mrithi wako atakuja hapa kuanzisha uzi huu huu.

Na kuna zaidi. Tokeni ya mtu inafika kila mahali anapofika huyo mtu. Kama ni ile ya zamani yenye ruhusa ya repo, basi inafungua ripo zako zote, za ofisi, za binafsi, na zile ulizoalikwa na rafiki yako. Mnampa mlinzi wa geti funguo za nyumba nzima pamoja na za kabati la mama. Siku hizi kuna zile tokeni za kuchagua ripo moja moja na kuziwekea mwisho, ni nafuu sana, lakini bado ina jina la mtu.

Mpe mashine ufunguo wake yenyewe. Kwenye GitHub ukiingia kwenye ripo, Settings, utakuta sehemu imeandikwa Deploy keys. Tengeneza ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwa jozi ya funguo, mmoja wa wazi mmoja wa siri) kwenye seva:

```
ssh-keygen -t ed25519 -f ufunguo_mizani -C "jenkins mizani" -N ""
```

Utapata mafaili mawili. Lile lenye .pub unalibandika pale GitHub. Lile lingine unaliingiza Jenkins kwenye Credentials, aina ya SSH Username with private key, jina la mtumiaji andika git, halafu unalifuta kwenye diski lisibaki linazagaa. Anwani ya ripo lazima ibadilike iwe ya `git@github.com:`, ile ya https haihusiani na ufunguo huu hata kidogo. Ufunguo huo unafungua ripo moja tu. Ukijaribu kuuweka kwenye ripo ya pili GitHub watakukatalia kwamba tayari unatumika, usikasirike, tengeneza mwingine. Na hauna jina la mtu, bosi afukuze ofisi nzima, bildi ya saa nane itaendelea.

Kijana wa Mafiat:
Shikamoo mzee. Nimefanya hivyo vyote, nimekuja na hii:

`ERROR: The key you are authenticating with has been marked as read only.`

Mzee wa Mpakani:
Marahaba. Hujaweka tiki pale kwenye Allow write access. Ufunguo wa ripo unazaliwa wa kusoma tu, na huwezi kuuhariri baadaye, ufute uuweke upya na tiki. Ila kabla hujaweka tiki jiulize kama unaihitaji, mimi nitarudi hapo kesho, sasa hivi kuna foleni ya malori nataka kuvuka.

Dada wa Gangilonga:
Mzee ameongea. Naongezea kwa wanaofuata njia ya SSH. Mara ya kwanza Jenkins itagoma kwa sababu haimjui GitHub, itasema Host key verification failed. Utaona watu mtandaoni wanakwambia weka `StrictHostKeyChecking=no`. Usiweke. Hiyo ni sawa na kumwambia mtoto amfungulie yeyote anayejiita mjomba. GitHub wametangaza alama za funguo zao kwenye kurasa zao za maelezo, chukua pale, linganisha, ziingize kwenye known_hosts, faili la seva inazozijua, mara moja tu.

Nawaambia kwa sababu mwaka 2023, tarehe 24 Machi, GitHub walibadilisha ufunguo wao wa RSA ghafla baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye ripo ya wazi. GitHub wenyewe jamani. Asubuhi ile bildi zetu zikaanza kupiga kelele kwa herufi kubwa kwamba mwenyeji amebadilika, nikadhani tumevamiwa, kumbe kelele ndo kazi yake. Aliyekuwa ameweka "no" bildi zake hazikusimama, na hata angekuwa ni mwizi kweli zisingesimama vile vile.

Fundi Simu Makambako:
Hiyo ya GitHub wenyewe kuvujisha sikuijua. Haya nimefuta lile faili langu. Msinisimange.

Kijana wa Mafiat:
WAKUU IMEPUSHI. Nimeweka tiki, nimejaribu kwa mkono, tagi imefika GitHub naiona kwa macho. Nikitoka hapa naenda Mwanjelwa kununua mchele nimpelekee maza. Na kwa kuwa nimeshakuwa mjanja nimewasha na ile Poll SCM iwe inaangalia kila dakika tano kama kuna komiti mpya, ili hata mwenzangu akipushi jioni tusisubiri mpaka usiku.

Bajaji ya Kabwe:
Hongera. Ila hiyo ya mwisho, mh.

Kijana wa Mafiat:
Nimeamka saa kumi na mbili. Bildi 23. Bando limeisha. Toleo limetoka 1.4.60 limefika 1.4.83 na karani mmoja wa Tukuyu amenipigia anauliza kwa nini simu yake inadai kusasisha programu kila akiishika.

Mpunga Super:
😂😂😂😂 Kyela nafasi bado zipo.

Dada wa Gangilonga:
Pole kaka, umejenga nyoka anayejila mkia. Jenkins inapushi komiti ya namba, baada ya dakika tano inaangalia inaona lo kuna komiti mpya, inajenga, inaongeza namba, inapushi. Haijui kwamba ile komiti ni ya kwake yenyewe. Sisi tunatumia GitHub Actions, mtambo wa bildi wa GitHub wenyewe, na kule hili wamelikata mapema, ile tokeni ya GITHUB_TOKEN inayotengenezwa na kila kazi na kufa kazi ikiisha, ukipushi nayo haiamshi bildi nyingine. Kwenye Jenkins inabidi ujilinde mwenyewe, kwenye mipangilio ya Git kuna tabia za ziada za kupuuza komiti za mtumiaji fulani au zenye ujumbe fulani wakati wa kuangalia. Mpe Jenkins jina lake la kukomiti halafu liweke hapo.

Mzee wa Mpakani:
Nimerudi, nimevuka. Kijana jibu swali langu la jana. Kwa nini mashine yako inaandika?

Kijana wa Mafiat:
Ili namba ya toleo ipande mzee. Kila APK lazima iwe na namba kubwa kuliko iliyopita, la sivyo simu ya karani haikubali kuiweka juu ya ile ya zamani.

Mzee wa Mpakani:
Na Jenkins kila bildi si inaipa namba? BUILD_NUMBER, inapanda yenyewe, hairudi nyuma. Chukua hiyo, uipe Gradle, chombo kinachojenga APK, wakati wa kujenga, anzia juu ya 83 uliyofikia. Hakuna faili la kuongeza namba, hakuna cha kukomiti, hakuna cha kupushi. Tagi mtapiga wenyewe kwa mkono siku mnapotoa toleo kwa makarani, ambayo nadhani siyo kila usiku.

Halafu futa ule ufunguo wenye tiki, weka mwingine usio na tiki. Wa kusoma tu. Huo hata flashi ikipotea kwenye basi, aliyeiokota ataona kodi yenu ya parachichi, hamtafurahia ionekane lakini hawezi kuingiza mstari mmoja ndani ya programu iliyo kwenye simu za makarani inayohesabu kilo za wakulima. Mimi hicho ndicho ningekiogopa kuliko mwizi wa kodi. Mtu anayeweza kuandika anaweza kupunguza kilo moja kwa kila kreti na hakuna mkulima atakayejua.

Fundi Simu Makambako:
Duh. Kilo moja kwa kreti. Hiyo sasa imenifikia.

Kijana wa Mafiat:
Mzee sikuwahi kulifikiria hilo. Siku tatu natafuta namna ya kupushi, kumbe hata kupushi hakukuwa na haja.

Bajaji ya Kabwe:
Ndo maana yeye ni mzee. Mimi ningekufundisha kutengeneza GIT_ASKPASS, skripti ya kumjibu git akiuliza tokeni, mpaka asubuhi.

Asiyelala Forest:
Samahani kudandia, mimi ni msomaji tu huwa sichangii. Ile tokeni ya jamaa wa Dar imebaki kwenye historia ya git si ndiyo? Kuitoa kwenye faili leo haiitoi kwenye komiti za mwaka jana. Si inabidi kuisafisha na git filter-repo, kile chombo cha kufuta vitu kwenye historia?

Bajaji ya Kabwe:
Swali zuri. Cha kwanza hakikisha imekufa, na siyo tu kwamba jamaa katolewa kwenye ripo, tokeni yake inaweza kuwa hai kwa ripo zake nyingine, kwa hiyo mpigieni aiue mwenyewe, ni heshima pia. Ikishakufa ni kama namba ya simu iliyofungwa. Kusafisha historia kunabadilisha komiti zote, kila mmoja wa hao wanne lazima aclone (anakili ripo) upya, mmoja atasahau na atapushi historia ya zamani irudi. Mimi nisingejisumbua. Wengine watabisha.

Na msidharau kwa sababu ripo siyo ya wazi. Uber mwaka 2016 walikuwa na ripo isiyo ya wazi GitHub, watu wakaingia, wakakuta funguo za seva zao za Amazon zimeandikwa ndani ya kodi, wakatoka na taarifa za watu milioni 57.

Dada wa Gangilonga:
Kaka na kitu kimoja cha mwisho maana nimeona unaiamini sana ile nyota nyota ya Jenkins kwenye logi. Inaficha maandishi yanayofanana na siri herufi kwa herufi. Mtu akiigeuza kidogo tu, akaipitisha kwenye base64 (namna ya kuandika maandishi kwa herufi nyingine) kwa mfano, inatoka wazi na nyota haioni. Kwa hiyo yeyote anayeweza kuhariri Jenkinsfile, faili la hatua za bildi, anaweza kuitoa siri. Siri za mradi mmoja ziweke ndani ya folda la mradi huo kule Jenkins, usiziweke juu kabisa zikaonekana na kila kazi. Yule dogo wa field wa saccos asizione hata kwa bahati mbaya.

Kijana wa Mafiat:
Sawa dada. Mrejesho basi. Nimefuta ufunguo wa kuandika, nimeweka wa kusoma, nimezima ile Poll, siri nimeihamishia kwenye folda la mizani. Jamaa wa Dar nimempigia, kacheka sana, tokeni ile alikuwa anaitumia pia kwenye kablogu kake, kaiua. Anawasalimu. Bosi nimemweleza hadithi nzima, ya kilo moja kwa kreti ndo imemgusa, akasema sasa huo ufunguo tuuchapishe kwenye karatasi tuufungie kwenye kabati la risiti. Nimemwambia nitarudi kwake.

Bildi ya jana usiku imepita, moja tu, saa nane na dakika kumi na moja. Bando limebaki.

Mpunga Super:
Hongera dogo. Sasa tuongee mambo ya maana, parachichi huko Tukuyu wananunua kilo shingapi wiki hii?

Kijana wa Mafiat:
Njoo PM mkuu.